Jiwe la Buluu Mbele ya Duka

Nyumbani kwetu Chumbageni, nyuma ya mlango, lilikaa jiwe la matumbawe lililopakwa rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango wenyewe. Miaka ile vitu vilipoadimika, jiwe hilo lilikuwa mtu wa nyumba. Lilinitangulia duka la ushirika kabla ya adhana ya alfajiri, likapanga foleni baina ya vikapu, makopo na kandambili za watu, nami nikarudi kupika uji. Hakuna aliyelisogeza. Mtaa mzima ulilijua, na wapo waliolisalimia.

Wazazi wetu walifariki mmoja baada ya mwenzake nikiwa darasa la sita. Nikaacha shule nikawalea wadogo zangu, wavulana wawili na kitindamimba wetu wa kike. Shule yangu ikawa foleni. Somo la kwanza lilikuwa kutouliza wanauza nini: ukiona mstari ingia, mengine utayajua mbele. Siku moja niliingia hivyo na kikapu changu, nikasogea, nikasogea, kufika mbele nikakuta watu wanachanjwa. Nikachanjwa, nikashukuru, nikaenda zangu. Kitindamimba alinipokea kikapu, akachungulia ndani.

"Dada, umepata nini?"

"Sindano."

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa sabuni, sukari, vitambaa, hata dawa ya meno ya rangi mbili. Watu walifurahi. Mie sikuiamini. Niliviona vile vitu kama wageni waliopita njia, kesho watafunga mizigo yao. Jiwe nikaliacha palepale nyuma ya mlango.

Wakati huo shangazi yetu wa Kigombe alikuwa amekwisha kunipa muda. Iddi ikifika sijapata kazi ya kueleweka, angekuja kumchukua kitindamimba akakae kwake, na shule ingeishia hapo. Shangazi hakuwa na roho mbaya. Alituhurumia tu, na alituhurumia kwa sauti kubwa.

Kazi niliyoitamani ilikuwa katika nyumba moja ya wageni karibu na bandari. Mwenyewe, mama wa Kizungu, alitaka mtu wa kumnunulia mahitaji, kisha jioni amwandikie kwa Kiingereza kinachoeleweka alikokwenda, alichokipata na alichokikosa. Alikuwa amechoka, alisema, kuambiwa "hakuna" bila maelezo. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita, kwa hiyo nikajiunga na darasa la jioni kule Nguvumali. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Kipemba, mstaafu, aliyehamia kwa mkwewe mwezi uleule. Yule mama alimjua tangu Pemba, na alimwamini. Akisema fulani anaweza, anaajiriwa.

Mtihani wake ulikuwa wa ajabu. Kila mmoja wetu aandike safari ya kawaida ya dukani.

"Iandike kweupe," alisema. "Mie mgeni wa mji huu. Nitaishika karatasi yako, nende nayo hadi dukani. Nikirudi na kitu, umefaulu. Nikipotea, umeanguka."

"Na ukipotea moja kwa moja, mwalimu?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Basi mtakuwa mmepata likizo."

Usiku tuliandika, mimi na kitindamimba na kamusi yake ya shule. Nikaanza na jiwe. Akaweka kalamu chini.

"Dada, siku hizi hakuna foleni. Unaingia, unachukua, unatoka."

"Mwalimu kataka safari ya kawaida."

"Na hii yako ndiyo ya kawaida?"

"Hiyo yako ina umri gani?"

Akaokota kalamu, tukaendelea. Toa jiwe la buluu nyuma ya mlango wetu wa buluu, Chumbageni. Liweke mbele ya duka. Rudi nyumbani uwape watoto uji. Nenda tena, simama kwenye jiwe. Usiulize kinachouzwa. Chukua kilichopo, shukuru, rudisha jiwe mahali pake. Karatasi ikajaa. Lakini mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba habari isiyo na sababu haina uhai, kwa hiyo nikageuza upande wa pili nikaongeza sababu: siku hiyo ninayoielezea tulikwenda tukiomba Mungu tupate sabuni, maana mdogo wangu alikuwa akifulia sare yake kwa majani ya mpapai.

"Hilo futa," akasema kitindamimba.

"Sifuti."

"Watu watasoma!"

"Atasoma mwalimu peke yake."

Jumamosi alfajiri tukasikia hodi. Mwalimu alisimama mlangoni, kanzu safi, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimefuata jiwe."

Nilifungua mdomo, akainua kidole. "Usiseme neno. Karatasi ndiyo isemayo." Akalikumbatia jiwe kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenziwe, akaondoka nalo taratibu. Baada ya muda akarudi mikono mitupu, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Mbona umerudi, mwalimu?" kitindamimba akauliza.

"Imeandikwa nirudi niwape watoto uji. Watoto wako wapi?"

Wavulana wetu, mmoja keshaanza kuota ndevu, wakakaa wakapokea uji kutoka mkono wa mwalimu mstaafu. Naye akajimiminia, akaonja, akakunja uso.

"Hauna sukari."

"Karatasi haikutaja sukari," alisema kitindamimba.

Alipoinuka kwenda tena dukani, mimi na kitindamimba tukamfuata kwa mbali. Duka lilikuwa lilelile la ushirika wa zamani, sasa kalikodi mfanyabiashara. Tulipokunja kona nikasimama ghafla. Nyuma ya jiwe letu palikuwa na kikapu. Nyuma ya kikapu ndoo, nyuma ya ndoo kandambili, na nyuma ya kandambili watu wenye miguu yao, mstari umezunguka hadi kwa fundi baiskeli.

"Lile si jiwe la kina dada?"

"Ndilo. Basi mambo yamerudi."

"Kimeadimika nini?"

"Sijui. We simama kwanza, utaniuliza mbele."

Mwalimu akapita, akasimama kwenye jiwe kama alivyoelekezwa. Mwenye duka alipofungua mlango alirudi nyuma hatua nzima.

"Kuna nini, jamani? Nani kafa?"

"Tuuzie, bwana! Umeficha sukari!"

"Sukari hii hapa, magunia!"

"Ndiyo ya mwisho hiyo?"

Mwalimu akasogea mbele, akakohoa kidogo. "Nipe kilichopo."

"Mzee wangu, vipo vyote."

"Naelewa. Lakini naambiwa nichukue kilichopo."

"Basi chukua duka!"

Foleni ikaangua kicheko. Mwalimu akarudi kwenye karatasi, akaisoma upya kutoka juu, midomo ikichezacheza. Akatazama rafu. Sabuni za miche, mafuta ya kupikia, majani ya chai, biskuti, viberiti, vyote vimepangwa vinamtazama. Akasoma tena.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimeeleza kila kitu, ila sikuandika mahali mtu anapochagua. Nisingeweza kuandika. Katika miaka yangu yote ya kununua sikuwahi kuulizwa nataka nini. Niliuma ncha ya kanga nisije nikapiga kelele. Nilikuwa nimekwisha kumwona kitindamimba na mfuko wake wa nguo, yuko njiani kwenda Kigombe.

"Mzee, wenzio tunaungua jua!"

"Mpeni nafasi, anasoma!"

"Kaja dukani au madrasa?"

Mwalimu akaigeuza karatasi, uso ukafunguka. "Sabuni!" alisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. "Nipe sabuni. Imeandikwa hapa, kuna mtoto mtaani humu anafulia sare ya shule kwa majani ya mpapai."

"Masikini!" wakasema akina mama kwa pamoja. "Wa nani huyo?"

Kitindamimba akaingia mzimamzima ndani ya kanga yangu. "Dada, wallahi nitakuua."

"Nyamaza. Umenifaulisha."

Mwenye duka akampa mwalimu mche wa sabuni, na kila aliyekuwa nyuma yake akataka sabuni hiyohiyo, maana kama mzee yule kaamka alfajiri na jiwe kwa ajili yake, basi ana analolijua. Haikufika adhuhuri sabuni ikaisha. Ndiyo ikawa mara ya kwanza kitu kuadimika mtaani kwetu tangu ruksa, na aliyesababisha ni mimi, kwa Kiingereza.

Mwalimu alikuja nyumbani na jiwe kwenye kwapa moja na sabuni kwenye kwapa la pili.

"Nimekwenda, nimenunua, nimerudi. Umefaulu," alisema. "Ila pale mbele ulinitupa. Mtu akiulizwa anataka nini, wewe hukumpa la kujibu."

"Nami sikuwahi kuulizwa, mwalimu."

Kisha akaliinamia jiwe, akalirudisha nyuma ya mlango yeye mwenyewe, maana hata hilo liliandikwa.

Iddi ilipofika nilikuwa nimeanza kazi kwenye ile nyumba ya wageni. Shangazi alikuja na mfuko mtupu wa kutilia nguo za kitindamimba, akauweka karibu na mguu wake, akaanza kunihoji.

"Kazi yenyewe ya kufanya nini?"

"Nanunua vitu, shangazi. Halafu naandika nilivyovinunua."

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Wazungu wana shida." Akanywa chai, safari hii ina sukari, akamtazama kitindamimba aliyekuwa akipiga pasi sare yake nyeupe. Akaukunja ule mfuko mara mbili, akaukalia. "Haya. Mtoto asome."

Ikawa aibu kumwacha arudi Kigombe na mfuko mtupu. Nikamwomba anipe, nikakimbilia dukani.

"Aa, dada wa jiwe!" mwenye duka akanipokea. "Leo umekuja mwenyewe. Unataka nini?"

"Sabuni. Ya zawadi."

"Ipi?" Akazipanga mezani: ya kijani, ya njano, ya waridi yenye picha ya ua, na moja nyeupe ndani ya kiboksi. Nikaishika ya kijani, nikanusa. Nikanusa ya njano. Ya waridi ilinukia harusi. Nikairudia ya kijani, kisha nikaiwaza ngozi ya shangazi, kisha nikaiwaza sauti yake, nikaanza upya. Mwenye duka akaegemea meza, hana haraka, wala mimi sikuwa nayo.

Nikahisi mtu kasimama nyuma yangu, na mwingine nyuma yake.

"Samahani," nikasikia mmoja akinong'ona, "hapa wanauza nini?"

"Sijui. Lakini dada wa jiwe kasimama."