Nyumba ya Povu Kwenye Kioo cha Duka

Ninajenga nyumba ndogo za kutazama tu. Kuta nakata kwenye povu gumu jeupe, lile linaloshikilia televisheni ndani ya boksi. Hapa kwetu Ihanja kila mtu hulitupa, kwa hiyo sina mshindani.

Mwenye duka la rangi mjini Singida aliwahi kuniambia, "Kijana, lete moja. Ikinipendeza naiweka kwenye kioo cha mbele." Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Mimi kusema na watu siwezi; nilitaka nyumba inisemee.

Nikajenga moja yenye baraza na madirisha. Povu halipakwi rangi hivi hivi. Kwanza unalifunika kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, unaacha ikauke, unarudia mpaka vitundu vyote vizibe. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja baba mdogo alipoingia uani na kopo la rangi ya kupuliza, ile ya magari.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Siku zote hizi unapaka gundi tu, unauguza mgonjwa? Sogea."

"Baba mdogo, hiyo rangi inakula po—"

"Mimi nimepulizia bodaboda nzima. Ililiwa?"

Kwetu mkubwa akishasema sogea, unasogea. Akapuliza. Upande wenye gundi uling'aa vizuri. Upande wa pili ulianza kuchemka kama uji, dirisha likaungana na mlango, baraza likakaa chini.

Baba mdogo akalifunika kopo lake. "Povu la siku hizi feki," akasema.

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Afadhali. Sasa inafanana na nyumba za watu."

Povu jingine sikuwa nalo, mpaka mtu anunue televisheni. Nikaipeleka ilivyo. Mwenye duka aliigeuza, akacheka, akaiweka kwenye kioo cha mbele, katikati kabisa. Chini ya upande mzima akabandika karatasi: RANGI ZETU. Chini ya ule ulioyeyuka: RANGI ZA WENGINE.

Rangi ya pande zote mbili ilitoka kwenye kopo moja, tena kopo lililonunuliwa dukani kwake. Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Asante, mzee."

Siku hizi baba mdogo akienda mjini huwapitisha wenzake pale. "Mnaiona hiyo? Ya kijana wangu," huwaambia. "Ila ule upande unaong'aa nimeupaka mimi."

Na si uongo.