Samaki kwenye Muhuri wa Madam

Kosa langu lilikuwa usafi. Nalisema mapema nisionekane najitetea.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah, mtaa wa Ruwais, kwa mjane aliyevuka miaka themanini. Yeye ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, ila makaratasi yalishughulikiwa na mwanawe, mwenye ofisi Riyadh, Al-Sulimaniyah. Madam hakujua kuandika. Alipotakiwa kutia sahihi alivua shingoni muhuri mdogo wa shaba uliochongwa jina lake kinyumenyume, akaugandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, halafu akaipuliza karatasi kama chai ya moto. Nilidhani mambo hayo yaliisha na masultani. Kumbe yalikuwa yakiningojea mimi na likizo yangu.

Likizo niliihitaji. Kule Kilifi madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwa wiki moja tu, na mama yangu, aliyekuwa haoni, alikataa katakata kuguswa nisipokuwepo. Alitaka bandeji ikitoka aanze na uso wangu. Mama aliamini nafanya kazi ofisini. Nilimwambia hivyo mwenyewe, kwa simu, na sikuona aibu.

Jirani akatuandikia barua ya ruhusa. Kabla ya kuigonga nikautazama ule muhuri, nikachukizwa: chini ya jina palikuwa na donge jeusi la miaka na miaka. Nikachukua sindano, limau na chumvi. Donge likatoka, na pale chini akatokea samaki mwenye magamba, mapezi na jicho. Nikajisifu. Madam alimtazama kwa muda mrefu, akagonga. Barua ikaenda Riyadh.

Siku ya tatu bosi, yule mwanawe wa Riyadh, akapiga simu.

"Huu si muhuri wa mama yangu. Mama yangu hana samaki. Umeuchongesha wapi?"

"Bosi, niliusafisha tu kwa limau."

"Limau halizai samaki. Safari mafi, hakuna. Nitakupeleka polisi."

 Nilimwona mama amekaa kwenye benchi la hospitali, anakataa kuguswa, na madaktari wanafunga masanduku yao. Nilijichukia mimi, nikalichukia na lile limau. Kisha nikatafuta mshumaa, nikampelekea madam pamoja na muhuri.

"Madam, nisamehe. Nitamfunika tena, iwe kama zamani."

"Ule haukuwa uchafu," akasema. "Ilikuwa nta. Niliiweka mimi."

Akanieleza. Baba yake alivua samaki hapo hapo Ruwais, na alipomchongeshea binti yake muhuri alitaka samaki awemo. Lakini mumewe alipenda mtoto wao akue akijua kwamba babu yake alikuwa tajiri wa vitambaa. Kwa hiyo samaki akafunikwa, na mtoto akakua.

Nilielewa hesabu yake. Akinyamaza, mimi ni mghushi na yeye anabaki na tajiri wake wa vitambaa. Akawa anautazama mshumaa. Nikafunga mdomo, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu kuliko kufua mazulia.

"Mama yako anapasuliwa lini?"

"Jumanne, madam."

"Yalla, lete simu."

Nikaweka spika. Mwanawe alipopokea, madam hakumwachia nafasi.

"Muhuri ni wangu. Samaki ni wa babu yako. Alikuwa mvuvi, hakuuza kitambaa hata kimoja maishani mwake. Halas, imetosha. Mpe huyu ruhusa yake."

 Kisha bosi, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza, "Alikuwa anavua samaki gani?"

"Waliokuja," akajibu madam.

Ruhusa ilitoka kesho yake.

Jumatano asubuhi muuguzi alimtoa mama bandeji. Mama akanitazama usoni, akatabasamu, akalia kidogo. Halafu akaishika mikono yangu, iliyochubuliwa na sabuni na limau, akaigeuza juu na chini bila haraka.

"Ofisi gani hii?" akauliza.

Nikamwambia.