Ukurasa wa Shukrani

Maktaba ya chuo ilipoamua kuwa ya kisasa, ilianza kwa kuondoa vitabu. Vikaja viti laini, soketi za kuchajia simu, na mashine ya kahawa iliyopata wateja wengi kuliko rafu yoyote. Tasnifu za wahitimu zingeskaniwa ili zisomwe popote duniani, kisha karatasi zikasagwe. Ila mashine ya kuskani hula kurasa zilizoachana tu, kwa hiyo alihitajika mtu wa kukata migongo ya vitabu. Kazi hiyo akapewa mzee aliyezijalidi zote, Fundi Gundi.

"Uliyefungisha ndoa ndiwe utoe talaka," karani wa mapokezi alimtania.

"Na watoto wanabaki kwa nani?" Fundi alimjibu, akaendelea kunoa kisu.

Alikata bila kulalamika mpaka alipofika kwenye tasnifu ya binti yake. Binti alifariki mwaka ule ule wa mahafali, kwa homa tu. Kaburi lake liko mbali, hivyo baba yake alikuwa akimtembelea hapa maktabani, saa ya chakula cha mchana. Akaenda kwa mkutubi mkuu.

"Mama, hii moja tuiache."

"Baba, nikiiacha ya kwako, kila mzazi atakuja na yake. Na ikiingia kwenye kompyuta haipotei tena."

Akakubali. Akakata.

Wiki iliyofuata mkutubi alimwita, akamfungulia kompyuta. Jina la binti lilikuwepo, safi kabisa. Fundi akaomba ukurasa wa shukrani. Mkutubi akapekua mbele, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Kurasa mbili ziligandana," alisema taratibu. "Mashine ilizipitisha kama moja."

Fundi alielewa mara moja. Tasnifu za watoto wa watu alizipaka gundi ya kutosha. Ya mwanawe aliipaka mara mbili, isije ikaachia.

"Karatasi zenyewe?"

"Gari lilizichukua juzi."

Mkutubi akavuta kibodi. "Niambie maneno, baba. Nitayachapa yakae mahali pake."

"'Kwa baba yangu,'" alisema Fundi. Miaka yote hiyo, kila alipofika hapo macho yalimgomea, akafunga kitabu na kurudi kazini.

Mkutubi alisubiri, vidole juu ya vitufe.

"Chapa hayo," alisema Fundi. "Mengine sikuwahi kuyasoma."