Gamba Lililotembea Katikati ya Maombi

Ninafundisha baiolojia katika shule ya kutwa huko ndani Makueni, ukitoka Makindu unakula vumbi hadi useme basi. Mto wetu ni mchanga mtupu. Maji ukiyataka unayafukua. Na hapo ndipo mtaala, Mungu aubariki, unanitaka nieleze habari za wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo.

Nilijitahidi jamani. Niliwaambia kidato cha tatu kwamba kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, hana kichwa, hana ubongo, na akitaka kumla chaza analitoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, anamyeyushia hukohuko nje, halafu analirudisha. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, huyo ni mjomba wangu akienda harusi." Nikaendelea. Nikawaambia jongoo bahari anapumua kwa nyuma, ndiyo, huko nyuma mnakofikiria, na akibanwa na adui anamtupia matumbo yake yote, kisha anaenda kuota mengine taratibu. Darasa likavunjika. Wiki nzima nikipita kwenye uwanja nasikia mtu anasema "pumua vizuri" na wenzake wanaanguka kwa kicheko. Hawakuniamini hata kidogo. Walidhani mwalimu amechoka na maisha, sasa anatunga.

Kwa hivyo nilipoitwa semina Mombasa nilikuwa na jambo langu. Asubuhi ya mwisho nilitoroka hotuba ya kufunga, nikashuka ufuoni maji yakiwa yamekupwa, nikaokota vitu vya kuwafunga watoto mdomo. Kiti cha pweza aliyekauka kama chapati ya juzi, kipande cha matumbawe, dude la mviringo ambalo miiba yake ilikuwa imeng'oka, na magamba sita ya konokono wa baharini. Nasikia hairuhusiwi kuokota. Sikuuliza. Magamba niliyatikisa, nikayanusa, nikaamua yako matupu. Mtu mwenye shahada, tena ya sayansi!

Nikafika nayo nyumbani ndani ya katoni ya mkate, nikaiweka sebuleni karibu na mlango wa jikoni. Nyumbani ni kwa mama. Ndoa yangu ilinishinda nikiwa Kitui, nikarudi na masanduku mawili na godoro, nikapewa chumba nilicholala nikiwa mtoto. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, alinipokea, akanipikia, na kesho yake asubuhi akaanza kulalamika. Hakuwa ameacha. "Mtu mzima anarudi kwao kwa harusi au kwa matanga," alikuwa akiniambia nikiwa napiga mswaki, "harudi kuhamia." Miaka miwili ya wimbo huo. Nilikuwa nikijua kwa uhakika kabisa kwamba siku nitakayohama atafanya ibada ya shukrani.

Lakini usimwone hivyo. Mwaitu ni mjane wa siku nyingi, na alichokuwa nacho duniani ni kile kikundi cha akina mama wa kanisa. Alikuwa mwenyekiti wao. Kila Alhamisi wanakuja kwake, wanaomba, wanakunywa chai, wanapukuchua mbaazi na kusengenya kwa upendo wa Kikristo. Akiugua ndio wanaomwosha. Mimi niko shuleni tangu kuche mpaka jua lizame, kwa hivyo ukimwondolea wale akina mama, unamwachia kuku na redio.

Alhamisi hiyo shule ilikuwa imefungwa kwa mapumziko mafupi, nami nilikuwa jikoni nachemsha chai ya wageni. Sebuleni makamu wa mwenyekiti alikuwa akiomba. Huyu mama ana karama ya kuomba macho wazi: mdomo uko mbinguni, macho yako kwenye kabati lako, anahesabu vikombe. Nasikia sauti inapanda, "Tunakuja mbele zako, Baba, na nyumba hii, tunaifunika," kisha kimya, kisha ukemi ambao ulifanya mbwa wa jirani ajibu.

Nikakimbia na kichujio mkononi. Akina mama wanane walikuwa juu ya viti. Kwenye sakafu ya saruji, gamba moja lilikuwa linatembea. Kwaru, kwaru, kwaru. Lilikuwa limetoka katonini, limepita chini ya meza, na lilikuwa linaelekea moja kwa moja kwenye mguu wa makamu kama mtu aliyetumwa.

Mimi nililijua papo hapo, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Kaa! Kuna kaa wa pwani ambaye mbele ana ngozi ngumu na magando, lakini tumbo lake ni laini kama ute, tena limejipinda. Hawezi kuishi uchi. Ndege watamla kabla ya chai ya saa nne. Basi anatafuta gamba la konokono aliyekufa, anajisukuma ndani kinyumenyume, anatembea nalo maisha yake yote. Huyu wangu alikuwa amejifungia tangu ufuoni, amesafiri kwa basi bila tiketi, sasa mvuke wa chai umemwamsha.

"Ni kaa tu!" nikapiga kelele. "Ni mnyama! Ana miguu kumi!"

Nakwambia, kama unataka kumtuliza Mkamba aliye juu ya kiti, usimwambie kitu kina miguu kumi. Makamu alishuka kupitia upande wa mlango, akatoka na viatu mkononi, na sauti yake ikatangulia barabarani: "Jini! Mwalimu ameleta jini la Mombasa!"

Kwa mtu asiyetoka kwetu, nieleze. Huku Ukambani kila mtu anajua, bila kufundishwa na yeyote, kwamba Mombasa kunauzwa majini. Unaenda, unalinunua, unakuja nalo, unatajirika, halafu linaanza kudai watu wa nyumba. Linaweza kuja kama paka au nyoka. Wanaamini hivyo mpaka watu wenye diploma. Sasa mimi nimetoka Mombasa jana, na kitu kinatembea kimevaa nyumba. Jioni habari zilikuwa zimefika sokoni zikiwa zimenona: linakula damu, lina macho juu ya vijiti (hapo hawakudanganya), na ndiyo sababu mume wangu alinikimbia. Mimi ndiye niliyemwacha, lakini nani anauliza?

Siku ya pili nilipanda boda boda hadi Makindu kwa mama mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Lamu, anayechoma mahamri karibu na stendi. Nilimpelekea gamba ndani ya mkebe. Alilipulizia pumzi ya joto, "haaa," na kaa akatoka akakaa kwenye kiganja chake kama aliyeitwa kwa jina. "Sisi tukiwa watoto tulikuwa tunawashindanisha mbio hawa," akasema. "Mpe mchanga wenye unyevu, maji ya chumvi kidogo, na maji baridi yasiyo na chumvi, na tunda." Nilipomweleza habari ya jini alicheka mpaka akashika meza, kisha akakasirika. "Hivi nyinyi watu wa bara! Yangekuwa yanauzwa majini ya utajiri, mimi ningekuwa hapa naunguzwa na mafuta?"

Nikarudi na dawa yangu. Beseni, mchanga wa mtoni, vifuniko viwili vya maji. Nikamwambia Mwaitu asikaribie. Alikuwa na mambo mazito zaidi: makamu alikuwa amepeleka habari kwa pasta, na kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, kuamua kama mwenye nyumba yenye jini anaweza kuongoza akina mama. Hakuna aliyerudi hata kumalizia mbaazi za Alhamisi. Alikaa mlangoni akizipukuchua peke yake, akitazama njia.

Jumamosi niliamka nikamkuta ameinama juu ya beseni na kipande cha papai. "Kula," alikuwa akimwambia. "Usinitazame na hayo macho. Kula, mgeni." Akaniona, akasimama haraka kama aliyefumaniwa. Kisha akauliza, "Hilo gamba alilitengeneza mwenyewe?"

Nikamwambia hapana, la kuokota. Akikua linambana, inabidi atafute kubwa. Wakati mwingine gamba zuri likitupwa ufuoni, hawa kaa wanakusanyika, wanajipanga kwa ukubwa, mkubwa anahamia lile jipya, anayemfuata anaingia la mkubwa, mpaka foleni iishe.

"Na anayefika akakuta yote yamechukuliwa?"

"Anabaki na lake la zamani."

"Hata kama linambana."

"Hata kama linambana, Mwaitu."

Akaweka papai chini, akanigeukia. Niliona mazungumzo yanakoelekea nikasema naenda kuteka maji.

Jumapili nilienda kanisani na beseni limefunikwa leso. Nilikuwa nimejiandaa kuliko siku yoyote ya ukaguzi wa shule. Baada ya ibada tulibaki: akina mama wote, wazee wawili, na pasta, kijana mpole aliyekuwa amehubiri saa mbili na alionekana anataka ugali tu. Mwaitu alikaa benchi la mbele na kitambaa chake cheupe cha mwenyekiti. Kila mara alikuwa akikigusa, kama anayehakikisha bado kiko kichwani, na mimi nikajichukia.

Nilisimama. "Bwana asifiwe." Wakaitikia kwa baridi. Nikaanza somo langu. Nikawaambia bahari ina viumbe wasiohesabika wasio na mfupa hata mmoja, kila mmoja na ujanja wake wa kuishi. Nikamtaja pweza mwenye mioyo mitatu, mzee mmoja akasema "Aiya!" Nilikaribia kumtaja jongoo bahari, nikajizuia kwa neema. Nikasema huyu hapa ni kaa asiye na nyumba, na kwamba sasa watamwona kwa macho yao ni mnyama kama panzi. Nikalifunua beseni, nikaliinua gamba.

Kaa hakutoka.

Nikangoja. Nikalipulizia pumzi ya joto vile nilivyofundishwa, "haaa." Hakuna. "Haaa." Hapo ndipo nilipogundua ninavyoonekana: mwanamke aliyerudi kwao, mbele ya madhabahu, ananong'oneza gamba la Mombasa.

"Mbona linajificha kwa jina la Bwana?" makamu akauliza.

"Hata mimi ningejificha ukinitazama hivyo," nikamjibu. Mdomo wangu huu! Watu wakaguna. Pasta akainua mkono.

Akaongea taratibu, na nia yake haikuwa mbaya. Alisema yeye hasemi ni jini, wala hasemi si jini. Alisema kikundi kimegawanyika na anataka amani. Mama mwenyekiti ni mtu wa kuaminiwa. Aseme tu mbele yetu kwamba kitu hiki kililetwa na binti yake bila yeye kujua, kwamba hana sehemu nacho, na kwamba binti atatafuta pa kukaa Makindu mpaka aombewe. Basi. Kiti ni chake, na Alhamisi akina mama watarudi kwake.

Nilishusha pumzi. Sikuona shida yoyote. Ilikuwa kweli tupu: nilileta mimi, hakujua. Na Mwaitu hasemi uongo. Askofu aliwahi kumwuliza kwa adabu kama mahubiri yamempendeza, akamjibu, "Yalikuwa marefu." Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaanza kufunga masanduku yangu, na, nikiri, nilikuwa nimeumia. Miaka miwili ameiombea nafasi hii ya kunitoa, sasa anapewa na kanisa, pamoja na chai.

Mwaitu akasimama. Akajifunga leso vizuri kiunoni. Akalichukua gamba mkononi mwangu, akalirudisha kwenye mchanga polepole, akilielekeza vile mlango wake usizibe.

"Ni langu," akasema.

Akanyoosha mgongo, akawageukia wote.

"Huyu nilimtuma mimi. Nilimwambia akienda Mombasa aniletee, akaniletea. Kama ni kaa, ni kaa wangu. Kama ni jini, ni jini langu. Linakaa kwangu, na mwanangu anakaa kwangu."

Akafungua kitambaa cheupe kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye mapaja ya makamu. Makamu alikipokea kwa mikono miwili kabla hajakumbuka kusikitika. Pasta alisema, "Mama, tafadhali," lakini Mwaitu alikuwa ameshainama juu ya beseni.

Nilibaki nimesimama hapo, mwalimu mzima, mdomo wazi, macho yamejaa maji.

"Funga mdomo," Mwaitu akaniambia. "Na ushike upande huo. Mchanga ni mzito."