Maiti wa Kumi

Mtasema nimetunga, maana kazi yangu ni kutunga. Natengeneza filamu fupi za kutisha hapa Songea. Lakini hili sikulitunga, na natamani ningekuwa nimelitunga.

Filamu yenyewe ilihusu zimwi linalofika kijijini likidai limekuja kupatanisha watu, kisha linawanyonga wenyeji wake mmoja mmoja. Mjerumani sikumtaja. Kwa Songea kuna haja gani? Kwetu tunaye aliyenyongwa wakati wa Majimaji, babu wa babu yangu, na kaburi lake hatulijui mpaka leo.

Tulipiga picha alasiri, shambani nje kidogo ya Msamala. Maiti walikuwa tisa, vijana wa Majengo, wamelala shimoni na kamba shingoni. Sasa, mimi nina utaratibu mmoja: aliyeigiza kifo hainuki mwenyewe. Namwita kwa jina lake, anaitika, ndipo anatoka. Bibi yangu ndiye aliyeng'ang'ania hivyo, eti kifo kisimzoee mtu. Nilikuwa namridhisha tu.

Nikaita majina tisa. Vijana wakatoka wakijikung'uta vumbi na kutaniana, wakaenda kunywa maji. Shimoni akabaki mmoja.

Alikuwa mzee mwembamba, kifua wazi. Kamba hakuwa nayo, alikuwa na alama yake. Adabu ni adabu, nikamwamkia. Akasema kwa Kingoni, taratibu:

"Wenzangu umewaita. Na mimi niite, mjukuu wangu."

Nikamuuliza jina lake.

"Hilo nimelifuata kwenu."

Niamini, pua ya marehemu babu yangu ilikuwa pale pale usoni mwake. Nikampigia simu Bibi. Alinieleza kwamba baada ya vita watoto wa yule mzee walilificha jina la baba yao wasije wakanyongwa nao. Wakabatizwa majina mengine, wakazeeka, wakafa nalo.

"Hatunalo, mjukuu wangu," alisema, akaanza kulia.

Nikamwita yule mzee babu. Nikamwita baba. Nikamwita mpendwa wetu. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa, kisha akafumba macho. Nilipojifuta machozi shimo lilikuwa tupu.

Vijana wanasema walinisikia nikiongea peke yangu. Sawa. Lakini kwenye picha wale tisa wamebanana, na katikati yao kuna nafasi ya mtu mmoja. Niliwauliza kwa nini waliiacha. Kila mmoja aliniambia alihisi bega la mwenzake.

Filamu hiyo sijaionyesha popote. Shimo nimeshindwa kulifukia. Bibi naye siku hizi hutaja majina ya kale akiwa jikoni, moja baada ya jingine, halafu husikiliza kama kuna atakayeitika.

Wewe unayesoma, kama una mzee nyumbani, muulize leo majina ya waliomtangulia, uyaandike. Mimi niliombwa jina moja tu, nikakosa.