Macho ya Kijani ya Jackie

Jackie, binti ya kaka yangu Zachariah wa pale Kabiria, alijaliwa macho mabovu na majivuno ya kutosha mtaa mzima. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni katika ofisi moja ya Hurlingham, na wageni wenyewe aliwatambua kwa sauti. Miwani hakutaka, eti inazeesha.

Mwaka 2006 nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Kioo cha mbele cha jicho kimechongoka, daktari akasema. Lenzi laini hulala juu ya jicho na kufuata umbo lilelile bovu, kwa hiyo hazingemfaa. Akampa ngumu, zisizojipinda. Jackie alipozivaa akasoma hadi bango la ng'ambo ya barabara. Ungedhani angeshukuru.

“Auntie, hizi kitu zinaniwasha kama mchanga,” akaniambia wiki ileile, siku ya mchumba wake Kuria kuja kumposa ikikaribia.

“Daktari alisema utazoea polepole.”

“Na macho ikikuwa nyekundu siku ya ruracio? Kuria hajui niko na shida ya macho. Na mamake akijua, hakuna harusi.”

Basi mjinga huyu akazitupa zile ngumu kwenye droo, akashuka mjini, akanunua laini za kijani katika duka la vipodozi. Kijani! Mgikuyu wa Kabiria na macho ya paka. Nilimcheka waziwazi, naye akadhani ni wivu.

Siku ya posa, hiyo ruracio yenyewe, ikafika, wageni wakajaa hemani. Kwetu, kabla wazee hawajakubaliana lolote, binti hupewa kibuyu cha uji ampelekee mwanamume anayemtaka. Hilo ndilo jibu lake mbele ya watu. Jackie akatembea kwa madaha, kibuyu mkononi, akapiga magoti mbele ya Karanja, mdogo wake Kuria, aliyevaa suti kama ya kaka yake.

“Karibu, mpenzi.”

Karanja akarudisha mikono nyuma. Mama yao akashika mdomo. Kuria akainuka bila neno, akaja akasimama hatua mbili kutoka kwake. Pamoja na dharau yangu yote, nilimwomba Mungu amwonyeshe mtoto yule alikuwa akitazama nani. Jackie akainua yale macho ya kijani, akamtabasamia.

“Shem, keti tu,” akamwambia. “Uji yako inakuja.”