Kamera ya mkono wa pili, na ukungu uliotaka kunirudisha bara

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa pwani.

Humu nimesoma nyuzi nyingi za kamera, na nyingi zimeandikwa na watu wanaosifia wasichowahi kukishika. Haya yamenikuta mwenyewe. Asiyeamini aje Ukunda nimwonyeshe.

Mimi ni wa Kitui. Nilikuwa room steward kwenye hoteli moja ya Diani mpaka low season ilipotukaba na tukaambiwa tukapumzike. Mke wangu Mwende na mtoto wako nyumbani. Tulikubaliana hivi: mwezi ukiisha sijapata kazi ya kueleweka, narudi tulime. Nikipata, wao ndio watakaokuja.

Kulima si vibaya. Ila mimi nilikuwa nimeshaamua sirudi.

Niliamua kupiga picha za vyumba. Vyumba navijua, nimevitandika miaka. Na kila cottage hapa inatafuta wageni mtandaoni kwa picha zilizopinda, ukuta umelala kama umelewa.

Sasa kamera. Nilitamani mpya, nikaangalia bei, nikafunga simu.

Nikajiuliza, nitapiga nini hasa? Kitanda hakikimbii. Mchoro ukutani haukimbii. Kwa hivyo sihitaji kamera ya kupigia mpira. Body ya zamani, yaani kamera yenyewe bila lenzi, inatosha, mradi uweze kuset mwanga mwenyewe. Pesa iliyobaki iende kwa tripod nzito, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Lenzi ile ya kawaida inayokuja na kamera inafanya yote mawili: ukiipanua unapata chumba, ukiivuta unapata mchoro bila kingo kujikunja.

Nilinunua Ukunda, kwa jamaa aliyekuwa akipiga picha watalii ufuoni. Tulielewana bei, nikaondoka nikijiona bwana mkubwa.

Kazi ya kwanza ilitoka Msambweni. Bi Mwanasha, mama mtu mzima, anachora turubai kubwa zenye maua ya leso, nyeusi na nyekundu iliyoiva. Hoteli moja inayotengenezwa upya ilitaka kuona picha za michoro yake, na pia zikiwa zimetundikwa chumbani. Zikiwapendeza, watanunua.

Nilifika, nikatoa shikamoo, nikakaribishwa vizuri. Nyumba ilinukia udi mpaka nikaona haya kuvua viatu.

Nikapiga. Nikarudi kuangalia kwenye laptop.

Wakuu, nyeusi ilikuwa kijivu. Nyekundu imepauka. Chumba kizima kama kimefunikwa chandarua.

Rafiki yangu wa hotelini akanimaliza kabisa. "Hapa pwani lenzi huota kuvu kwa ndani. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Usingizi ulikatika. Mwezi ulikuwa unaisha, na pesa ya kamera nyingine sina. Niliogopa, sitawaficha. Asubuhi nikaenda Ukunda nikiwa nimevimba, nimejiandaa kwa vita.

Jamaa hakubishana. Aliifungua lenzi, akaimulika na tochi kutoka nyuma, akaniambia nichungulie. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui. Hapakuwa na kitu.

Kisha akanielekeza kwenye jeans nyeusi iliyotundikwa duka la jirani. Nikaipiga. Ilitoka nyeusi tii.

"Boss, kamera iko sawa," akasema. "Kaangalie huko ulikopigia."

Kesho yake nilienda Msambweni bila kupiga simu, mapema kuliko saa tuliyokuwa tumeagana nirudi. Nilimkuta Bi Mwanasha katikati ya chumba, madirisha yamefungwa, chetezo mkononi, moshi wa udi unapanda taratibu mbele ya turubai.

"Umenishtukiza, mwanangu," akasema. "Sijamaliza kukufukizia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hata siku ile ya kwanza alikuwa amenifukizia chumba, akafunga madirisha harufu isitoke. Mimi naingia, nafungua dirisha moja nipate mwanga, ule mwanga unapita kwenye moshi, na kamera inaupiga moshi. Macho yangu yalishauzoea, kamera haikuuzoea.

Lakini unamwambiaje mama wa watu kwamba heshima aliyokupa ndiyo inayoharibu kazi? Kwetu mgeni hupewa uji, basi. Niliogopa akikasirika, kazi imekwenda, na Kitui inaniita.

Nikaona bora nikose kazi kwa kusema kweli. Nikamwonyesha picha mbili, ya jeans na ya mchoro wake. Nikamwambia, "Mama, kamera ni hiyo hiyo. Kilichozidi hapa ni moshi."

Akazilinganisha.

"Mbona hukunambia siku ile?"

"Sikujua, mama."

Akakitoa chetezo nje, akafungua milango na madirisha yote. "Mgeni hufukiziwa," akasema. "Mwenye kazi huulizwa ataka nini. Mie sikukuuliza."

Tulikaa barazani tukanywa kahawa mpaka hewa ikasafika. Nikazima taa zote, nikabakisha mwanga wa dirisha, kamera kwenye tripod, timer ya sekunde mbili nisiitikise.

Alisimama nyuma yangu akitazama kioo cha kamera. "Ehe. Huo ndio weusi wangu."

Hoteli walichukua michoro. Walipouliza nani alipiga picha, Bi Mwanasha akawapa namba yangu. Sasa napiga vyumba vyao vyote, na cottage mbili za jirani zimeshanitafuta.

Nilichojifunza: kamera ya bei nafuu inatosha, ila imulike na tochi kabla hujalipa, mimi nilibahatisha tu. Picha ikiharibika, usikimbilie kulaumu kifaa. Angalia hewa ya chumba. Na ongea na mwenyeji mapema, kwa adabu, hata kama unaona haya.

Wenye uzoefu wa kupiga michoro yenye vanishi inayong'aa, nipeni maujanja, hapo bado nasumbuka. Wenye maswali ulizeni.

Ila Jumamosi nitachelewa kujibu. Nitakuwa stendi ya Ukunda, nampokea Mwende na mtoto.